Hii imoji ya ♿ na hii 🦽 zina tofauti gani? Nataka kuweka kwenye tangazo

Luchelele_Ziwani

Mwangaluka wakuu, poleni na majukumu.

Naomba msaada kwa wanaozijua hizi imoji. Mimi niko sehemu moja ya wageni huku Luchelele, Mwanza, karibu na ziwa, tuna vyumba kadhaa na bustani, watu wanafanyia sendofu, ubatizo, vikao vya harusi na kadhalika. Mama mwenye sehemu kanipa kazi nitengeneze tangazo la kurusha WhatsApp, kasema nisijaze maneno maana watu hawasomi, kila kitu tulichonacho nikiwekee alama yake. Basi nimeweka 🅿️ ya kupaki, 🚿 maji ya moto, 📶 ya intaneti, 🐟 ya sato, mpaka hapo sawa. Sasa kasema weka na ile ya kiti cha magurudumu, kwa sababu juzi kati fundi kamwaga zege pale getini pamekuwa na mteremko, na mama kaona hoteli za mjini zinaiweka.

Kuingia kwenye kibodi nakuta zimejaa. Kuna hii ♿ ya bluu, kuna 🦽, kuna 🦼 ambayo naona kama ina mota, kuna mtu amekaa kabisa 🧑‍🦽, na yeye yuko mwanamke yuko mwanaume, halafu fimbo 🦯, magongo 🩼, mguu bandia 🦿. Nikachagua 🧑‍🦽 kwa kuwa angalau anaonekana binadamu, nikamtumia mshikaji wangu aangalie kwanza kabla sijarusha, kwake ikaja mtu peke yake na kiti pembeni, kama vile jamaa kanyang'anywa kiti. Mwingine nikamtumia ile ya bluu akaniambia acha kabisa hiyo ni tusi, kwenye groupu lao la mpira ndo wanayotukanania.

Kwa hiyo maswali yangu: niweke ipi, hiyo ya bluu kweli ni tusi, na kwa nini hiyo ya mtu inakatika vipande viwili? Tangazo linatakiwa wikiendi hii. Wabeja.

Bichwa_Igogo

Weka 🦼 mkuu, hiyo ni bajaji ya mtu mmoja 😂 wateja wajue usafiri upo

FundiSimu_MZA

@Bichwa_Igogo bajaji ina yake bwana, hii hapa 🛺, na kama hujui zote ziliingia mwaka mmoja, 2019, bajaji, kiti cha kusukuma 🦽, kiti cha mota 🦼, fimbo nyeupe, sikio lenye kifaa 🦻, mkono na mguu wa bandia, zote kundi moja. Utani uache.

Mleta uzi, ngoja nikuelekeze kuanzia hilo la kukatika maana nakutana nalo kila siku hapa kwenye kibanda, mtu analeta simu anasema ina virusi inaonyesha vibox.

Imoji siyo picha unayotuma. Unachotuma ni namba, simu ya mwenzio ikiipokea ile namba inatafuta kwenye hazina yake picha ya namba hiyo ikuchoree. Hizo namba zinapangwa na shirika moja linaitwa Unicode, hao ndo wanaamua kila mwaka zipi zinaingia. Ikiwa simu ya mwenzio ni ya zamani na haijawahi kupata apdeti, ile namba haimo, inachora kibox tupu □. Hiyo moja.

Ya pili, hiyo 🧑‍🦽 haina namba yake peke yake. Imeungwa. Ni namba ya mtu 🧑, halafu katikati kuna kiungio ambacho hakionekani kwa macho, halafu namba ya kiti 🦽. Simu inayoelewa ule muungano inakuchorea mtu amekaa. Isiyoelewa inafanya inachokijua, inachora mtu, inachora kiti, basi. Hakuna kilichoharibika. Na ukiongeza rangi ya ngozi muungano unakuwa mrefu zaidi, na hizi za 2023 zinazoangalia kulia 🧑‍🦽‍➡️ ndo balaa, hapo kuna mtu, kiti na mshale ndani yake, kwenye simu nyingi za wateja wangu zinatoka vitu vitatu.

Na kwa kuwa nimegusa kulia na kushoto: ya kawaida 🧑‍🦽 inaangalia kushoto. Sasa mtu anataka kuelekeza njia anaandika 🧑‍🦽➡️ mshale unakwenda kulia mtu anakwenda kushoto, yaani anarudi kinyumenyume. Ukifanya bango la kuelekeza getini ulifikirie hilo.

♿ yenyewe ni namba moja tu na ni ya siku nyingi, iliwekwa Unicode tangu 2005, kabla hata watu hatujaanza kuongea habari za imoji hapa mjini. Ndo maana hiyo haikatiki, hata kwenye simu ya bei ndogo ya kichina inatokea. 🩼 ndo changa, imekuja 2021, ukimtumia mtu mwenye simu ya kabla ya hapo jua ataona kibox.

Kidokezo kingine, mwambie huyo mshikaji wako aapdeti WhatsApp yenyewe kwanza kabla hajalaumu simu, kwenye Android WhatsApp inabeba picha zake za imoji ndani, kwa hiyo ya SMS na ya WhatsApp zinaweza kutofautiana kwenye simu ileile.

Ushauri wangu wa biashara: tengeneza tangazo kama picha, siyo maandishi. Ukishaligeuza picha hakuna cha kukatika, kila mtu anaona sawa.

Tairi_Tatu

Nimeusoma uzi wote, sasa na sisi tunaokaa kwenye hivyo viti tuongee kidogo.

Mimi natumia baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuendesha kwa mikono, mnaijua, maskani yangu ni Kirumba na shughuli zangu ziko karibu na Mwaloni. Kaka fundi kaeleza vizuri mambo ya namba, lakini swali la ipi uweke haliko kwenye simu, liko hapo kwenu Luchelele.

♿ ni kibao cha mahali. Mtu akiiona haisemi "tunawapenda walemavu", inasema hapa unaingia, unafika unapokwenda, unajisaidia, unatoka, bila kubebwa. Hivyo ndivyo ninavyoisoma mimi. 🦽 ni kifaa, kitu, kama unavyoweka picha ya kitanda. Ukiweka 🦽 kwenye orodha yako baada ya maji ya moto na intaneti mimi naelewa mna kiti cha kuazimisha wageni. Mnacho? Na 🧑‍🦽 ni mtu, hiyo mimi naitumia mwenyewe nikiwa najiongelea, au mtu akimwongelea mtu fulani anayemjua. Kwenye groupu letu mtu akichelewa anatuma 🧑‍🦽💨 tunacheka, wote tunajua jua la saa saba na kile kilima. Lakini kuiweka kwenye tangazo la hoteli bado sielewi inaniambia nini, kwamba watu kama mimi wameshawahi kuonekana hapo?

Sasa hilo la mteremko wa getini. Niliwahi kualikwa sendofu ya binti wa rafiki yangu, ukumbi sitautaja, wana kibao cha bluu kikubwa kimewashwa taa. Nikasema leo poa. Nafika, mteremko upo, umesakafiwa vizuri kabisa, unapanda nao unafika juu unakutana na kizingiti cha mlango kama matofali mawili. Aliyejenga alimaliza mteremko akaanza ngazi. Vijana wakanibeba na baiskeli yangu, suti imekunjamana, MC anatangaza kwenye maiki "tumpishe mgeni wetu". Nikakaa pale sikunywa hata soda, kwa sababu choo nilikiona kiko wapi na ngazi zake nimeziona. Watu wanadhani nilikuwa nimenuna, kumbe nilikuwa nahesabu maji.

Kwa hiyo mdogo wangu swali lako la kwanza jibu lake ni kwamba nenda na futi ukapime kwanza. Choo kikoje? Kutoka getini hadi bustanini ni kokoto, nyasi au zege? Kokoto kwa tairi nyembamba ni sawa na ukuta.

Na mnisaidie kitu kimoja wakuu, ile baiskeli yetu ya miguu mitatu haina imoji. Nimetafuta mpaka nimechoka. Hii 🦽 ni kile kiti cha hospitali cha kusukumwa nyuma, 🦼 ya mota huku kuiona ni bahati. Ukisimama Kirumba sokoni asubuhi unachokiona ni sisi wa kukanyaga kwa mikono, lakini kwenye simu hatupo.

Bichwa_Igogo

@Tairi_Tatu kaka samahani kwa ule utani wangu, ila umenichekesha hapo kwa MC

Tairi_Tatu

Cheka tu, mi mwenyewe nacheka sasa hivi. Siku ile sikucheka.

Lindanda_Damu

Mimi nijibu la tusi maana hayo magroupu ya mpira niko nayo mengi. Ni kweli, timu ikipigwa, iwe Simba iwe Yanga, dakika ileile unaona wanamimina ♿♿♿♿ maana yake mmevunjwa miguu, hamtembei, ni vilema. Na sisi wa Pamba tunazipata vilevile tukifungwa nyumbani. Siku hizi kuna na wanaoongeza 🩼 na 🚑.

Lakini kusema imoji yenyewe ni tusi mi sikubali. Imoji inategemea nani kaitupa na kwa nani. Ukiiweka kwenye tangazo la hoteli hakuna mwenye akili atakayesema umemtukana. Mchezaji akiumia goti tukaandika "pona haraka 🩼" pia si tusi.

Tairi_Tatu

@Lindanda_Damu hapo kwenye "hakuna mwenye akili" sawa, lakini wewe mwenyewe ukiwa unaimimina kwenye groupu unajua humo ndani nani yuko na kiti? Mimi niko kwenye groupu la mashabiki karibu watu wote hawajui kama sitembei. Huwa naangalia tu wakianza. Timu yangu imefungwa na mimi ndo alama ya kufungwa.

Lindanda_Damu

Aisee. Hilo sikuwahi kuliwaza kaka.

Bichwa_Igogo

Tumieni 😭 jamani inatosha

Mama_Talkback

Habari zenu. Mimi sioni, huu uzi wenu nausikiliza kwa TalkBack, yaani simu inanisomea kwa sauti, na niwaambie kitu ambacho naona wote mmekiruka.

Kila imoji mnayoweka, simu yangu inaitaja jina lake. Huyo ndugu wa mpira alipoandika zile ♿ nne mfululizo, mimi nimesomewa jina la alama mara nne, na hapo kajizuia, kwenye groupu za harusi mtu anaweka maua ishirini mwisho wa ujumbe, mimi nimekaa kwenye daladala nasomewa ua, ua, ua, mpaka kituo changu kinapita. Na ile ya mtu kwenye kiti yenye rangi ya ngozi jina lake ni sentensi nzima. Basi mleta uzi, ukiweka imoji iwe moja, na iwe mwisho wa mstari, usiiweke mahali pa neno. Ukiandika "tuna 🚿 na 📶 karibu na 🅿️" mimi nasikia vurugu. Ukiandika "Maji ya moto 🚿" nimeelewa kabla hata imoji haijasomwa.

Na wewe kaka fundi simu, nakuheshimu lakini ushauri wako wa kugeuza tangazo kuwa picha umenifungia mimi mlango. Picha kwangu simu inasema "picha". Ikijitahidi sana inaokota maneno mawili matatu humo ndani, nayo ni kwa Kiingereza chake cha kukisia. Tangazo lenu linasema watu wenye ulemavu karibuni, halafu limewekwa kwa namna ambayo mwenye ulemavu hawezi kulisoma! Tuma picha kama unapenda, ila chini yake andika maneno yaleyale kwa maandishi.

Na kuhusu fimbo 🦯. Shemeji yangu mmoja ana tabia, watoto wakichelewa kurudi anatuma kwenye groupu la familia 🦯🦯 maana yake leo viboko. Anajua kabisa shemeji yake sioni, ila hajawahi kujua kwamba fimbo anayoitishia watoto ndiyo ninayotembelea mimi, maana kwenye simu yake anaona kifimbo tu. Hiyo ni fimbo nyeupe. Inagusa chini kukutafutia njia, inakuambia mtaro uko wapi, na kwa kuwa ni nyeupe inamwambia dereva huyu haoni, simama. Ina mpaka siku yake duniani, tarehe 15 Oktoba. Kwa hiyo wanaotumia 🦯 kwa maana ya bakora, au kumtania mtu kwamba kazeeka, mjue. Mzee wa mkongojo siyo huyo.

FundiSimu_MZA

@Mama_Talkback nimekupata mama, picha na maandishi vyote viwili, hiyo ni sahihi kuliko nilivyosema. Kuhusu fimbo naongezea, kwenye orodha ya Unicode hiyo herufi jina lake la asili ni fimbo ya kupapasia, wala halikutaja weupe, baadaye ndo jina linalotumika kwenye simu likawa fimbo nyeupe. Na kwenye simu nyingine inachorwa ikiwa na wekundu kwa chini, ndo maana shemeji anaona kama bakora iliyopakwa rangi 😅

Mwl_Bwiru

Vijana hamjambo. Nimefundisha miaka mingi na huu mjadala umenifurahisha, ngoja niwape historia fupi ya hicho kibao cha bluu.

Kile kilichorwa mwaka 1968 na msichana mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark anaitwa Susanne Koefoed. Alivyokichora yeye kilikuwa kiti kitupu, mistari tu, hakuna mtu. Mwaka uliofuata, 1969, bwana mmoja Karl Montan akaongeza duara juu, basi lile duara likawa kichwa na kiti kikapata mtu. Ndicho kikaenea dunia nzima, kwenye milango ya vyoo, maegesho ya magari, viwanja vya ndege, na hatimaye simu zenu. Angalieni tena ♿, mkiondoa kile kichwa kinachobaki ni kiti cha yule binti.

Sasa wapo waliokilalamikia. Walisema yule mtu kakaa wima kama kabati, mikono imekauka, anasubiri kusukumwa. Marekani kule Boston, Sara Hendren na Brian Glenney wakaanza kubandika stika juu ya vibao vya zamani, kwenye stika mtu ameinama mbele, mkono uko nyuma unasukuma tairi. Jimbo la New York likakipitisha kuwa kibao chake mwaka 2014. Na wapo wenye ulemavu ambao hicho kipya pia hawakukipenda, wakasema sasa mmetufanya wote wanariadha, sisi wengine mikono pia haina nguvu. Binafsi naona malalamiko yote mawili yana haki.

Hizi nyingine 🦽🦼🦯🦻 ziliombwa na kampuni ya Apple mwaka 2018, walikaa na vyama vya wasioona, viziwi na wenye mtindio wa ubongo wa kule Marekani, wakapeleka maombi Unicode, mwaka uliofuata zikapita. Kwa hiyo @Tairi_Tatu ndiyo maana baiskeli yako haimo, waliokuwa mezani hawaendeshi baiskeli za mikono. Lakini mlango wa kuomba uko wazi, Unicode hupokea maombi kutoka kwa mtu yeyote, unaandika hoja kwa nini picha hiyo inahitajika na itatumiwa na nani. Ni kazi ndefu na kwa Kiingereza, lakini si lazima uwe kampuni.

Na mleta uzi, mwambie mama mwenye nyumba kuwa suala la mlango na choo siyo hisani. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hapahapa kwetu, nayo inataka majengo yanayohudumia umma yafikike.

Tairi_Tatu

Shikamoo mwalimu. Hilo la kuomba nimelishika. Nina mpwa yuko chuo anajua kuandika, nitamkalisha.

Luchelele_Ziwani

Marahaba kwa niaba ya mwalimu 😄 Shikamoo mwalimu, na wengine wote wabeja sana.

Nimetoka kupima sasa hivi na futi ya fundi. Getini mteremko upo, unapandisha kama sentimita 30 na urefu wake mita moja na nusu hivi. Kutoka getini mpaka bustanini ni zege mpaka mwisho. Vyumba viwili vya chini havina ngazi, milango sentimita 85. Choo cha bustani ndo tatizo, kina ngazi mbili na mlango sentimita 65. Choo cha ndani ya vyumba hivyo viwili mlango 70.

Tairi_Tatu

Umefanya la maana kuliko imoji zote.

Mteremko wako ni mkali. Kipimo kinachotumika ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda unaipa sentimita kumi na mbili za urefu. Ukipanda 30 unatakiwa uwe na mita tatu na sentimita sitini. Huo wa mita moja na nusu mimi kwa baiskeli naupanda nikisukumwa, kushuka naomba Mungu, mwenye kiti cha kawaida akishuka peke yake anaweza kwenda na uso. Mwambie fundi auongeze urefu, zege si bado anayo.

Milango ya vyumba 85 iko sawa, kiti kinapita. Choo 70 ni kubanana, vingine vinapita vikikwaruza vidole, vingine havipiti, 80 kwenda juu ndo salama, na ndani pawe na nafasi ya kugeuka, kama mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Choo cha bustani hakuna mjadala, mtu wa kiti hakifikii.

Kwa hiyo ♿ kwa sasa hapana. Siyo kwa ubaya. Andika ulichonacho kama kilivyo, mtu ataamua mwenyewe. Mimi nikisoma "choo kina ngazi mbili" najua nijipange vipi, naweza hata kuja. Nikiona ♿ halafu nikute ngazi, sirudi na kwenye groupu letu nakusema.

Mama_Talkback

Naunga mkono. Na kwa maandishi.

Lindanda_Damu

Mi naona mnamkatisha tamaa, si aweke tu ♿ halafu aandike "sehemu"? Maana vyumba viwili vinafaa.

Mama_Talkback

@Lindanda_Damu anayeendesha macho harakaharaka ataona ♿ hatasoma "sehemu". Mimi nitaisikia, yeye ataruka.

Luchelele_Ziwani

Nimeongea na mama. Mwanzo alikuwa mkali kidogo, anasema mbona hoteli fulani wana ngazi hadi mapokezi na kibao wamekiweka, nikamwambia na wewe unataka wateja wakuseme kama wanavyowasema wao? Akanyamaza. Kasema fundi atarudi kurefusha mteremko na mlango wa choo kimoja cha chumbani utapanuliwa, cha bustani mpaka hela ipatikane baada ya msimu wa harusi. Basi tangazo nimelibadilisha, picha ipo na chini yake maandishi haya, naomba mlikague:

"Karibu Luchelele, pembeni ya ziwa. Vyumba na bustani kwa sendofu, ubatizo na vikao. Maji ya moto 🚿 Intaneti 📶 Pa kupaki 🅿️ Sato wa kuchoma 🐟
Kwa wanaotumia kiti cha magurudumu au magongo: njia kutoka getini hadi bustanini ni zege tupu. Mteremko wa getini ni mkali, kijana wetu yupo hapo atakusaidia. Vyumba viwili vya chini havina ngazi, mlango sentimita 85, mlango wa choo chake sentimita 70. Choo cha bustani kina ngazi mbili, bado hakijarekebishwa. Tupigie simu kabla tukuandalie chumba."

FundiSimu_MZA

Imoji zote hizo nne ni za zamani, hazikatiki kwenye simu yoyote. Safi.

Mama_Talkback

Nimeisikiliza mara mbili, inaeleweka mpaka mwisho. Hiyo "kijana wetu atakusaidia" ongeza "ukitaka". Watu wengine wakikuona tu wanakurukia na kukushika mkono kabla hujasema.

Tairi_Tatu

Limekaa vizuri. Ila umesema tupige simu, namba iko wapi?